Kabla ya besi kulikuwa na tarumbeta

Wanafunzi wangu wa gitaa la besi huanza kwa kumsikiliza John Entwistle wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, na hawakosi kuuliza: vidole vile alivitoa wapi? Mimi huwajibu, kwenye tarumbeta.

Alizaliwa London, Oktoba 1944. Baba alipuliza tarumbeta, mama alipiga piano. Mtoto akaanzishwa piano akiwa na miaka 7, na alipofika 11 akashika tarumbeta, kisha horni, ile iliyojiviringa duara. Tarumbeta hubonyezwa kwa mkono wa kulia. Horni, wa kushoto. Yaani mikono yote miwili ilishafunzwa kabla hajagusa besi! Wengi wetu ule wa kushoto tunauanzia ukubwani, na unagoma.

Shuleni Acton, magharibi mwa London, alikutana na Pete Townshend, wakapiga jazi, Townshend akiwa kwenye banjo. Yalipoingia magitaa ya umeme, tarumbeta ikamezwa. Entwistle akajaribu gitaa la kawaida, vidole vyake vinene vikakosa nafasi, akahamia besi. Aliliunda mwenyewe nyumbani. Siku moja amelibeba njiani, Roger Daltrey akamwona, akamwita kwenye bendi yake, The Detours. Naye Entwistle akamleta Townshend. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya kodi (ndiyo, kodi), usiku yuko jukwaani. Mwaka 1964 bendi ikawa The Who.

Sasa weka wimbo wao "My Generation" wa 1965. Pale katikati, ambapo kwa kawaida mpiga gitaa hupewa solo, yaani kipande cha kutamba peke yake, anaingia mtu wa besi. Alikuwa ameipenda sauti ya besi la kampuni ya Danelectro, ila nyuzi zake nyembamba zilikatika, na London hazikuuzwa peke zake. Ikabidi anunue gitaa jingine zima, na zikikatika tena, jingine. Mwishowe alirekodi kwa besi la kampuni nyingine, Fender.

Msikilize vizuri hapo. Anapiga kipande kifupi, gitaa la Townshend linaitikia, anarudi na kingine. Mpuliza tarumbeta asipovuta pumzi ananyamaza. Mpiga besi anaweza kumwaga noti mpaka kesho. Huyu alikuwa na mbio za kutosha kufanya hivyo, lakini bado anakata sentensi kama mtu mwenye mapafu.

Kwa hiyo kwangu wiki ya kwanza besi linabaki ukutani. Mwanafunzi anaiimba solo ile kwa mdomo, na kila anapovuta pumzi natia alama kwenye karatasi.