Kumtafuta bibi wa Willow Run kati ya sensa mbili

Kazi yangu ni kufuatilia historia za familia, na swali linalonifikia mara kwa mara ni la mjukuu anayejua tu kwamba bibi yake alitengeneza ndege huko Michigan, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mara nyingi ndege hizo huwa ni B-24 Liberator, ndege za kivita za kudondosha mabomu, na kiwanda huwa ni Willow Run, kilichojengwa na kampuni ya Ford karibu na Ypsilanti kuanzia mwaka 1941. Mwaka 1944 kilifikia kutoa takriban ndege moja kila saa, na hadi vita vinakwisha kilikuwa kimetoa zaidi ya ndege 8,600.

Ugumu wa kumpata bibi huyo unatokana na kalenda. Sensa ya Aprili 1940 ilimkuta bado kwa wazazi wake, pengine katika shamba la Kentucky, kabla kiwanda hakijajengwa, na ile ya 1950 ilimkuta vita vimekwisha zamani na jumba lile lile likiunda magari ya Kaiser-Frazer. Maisha yake yote ya kiwandani yameangukia katikati, nje ya macho ya karani wa sensa.

Kwa wanaume kuna njia nyepesi, kwa sababu kadi za usajili wa jeshi zilizoanza kujazwa Oktoba 1940 zinataja mwajiri wa mtu pamoja na jina la ndugu au rafiki ambaye angejua daima anakopatikana. Kwenye baadhi ya kadi utaona anwani ya zamani imekatwa kwa kalamu na mpya imeandikwa juu yake. Wanawake, ambao walikuwa karibu theluthi moja ya wafanyakazi, hawakusajiliwa. Kwao mimi huanza na fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, ambayo mtu aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza alilazimika kuijaza, na nakala yake bado huombwa serikalini kwa malipo. Fomu hiyo ina jina la mwajiri, mahali alipozaliwa mwombaji na majina ya wazazi wake wote wawili. Familia nyingi huthamini zaidi beji ya kazi iliyotunzwa kabatini, nami sizilaumu, ila beji haikuambii mama wa bibi yako alikuwa nani.

Jamii yenyewe pia ni ushahidi. Wafanyakazi walipozidi 40,000, watu walilala katika matrela na vyumba vya kupanga kwa zamu, hadi serikali ilipoanza kufungua makazi ya muda mwaka 1943, yakiwemo mabweni ya Willow Lodge na nyumba za familia za Willow Village. Wageni kutoka kusini, ambao wenyeji waliwakejeli kwa kuuita mji wa Ypsilanti Ypsitucky, yaani Ypsilanti na Kentucky kwa pamoja, hawakuja mmoja mmoja: aliyepata kazi alimwita kaka, shemeji, kisha jirani. Kwa hiyo ninapokwama, huirudia sensa ya 1940 na kusoma kaya zilizoizunguka ile ya bibi, kisha nikayatafuta majina hayo hayo Michigan katika sensa ya 1950.

Njia hiyo ina mpaka wake. Wafanyakazi Weusi walibaguliwa katika ajira na katika makazi, na wengi wao walikuwa wakisafiri kutoka Detroit, hivyo nyayo zao ninazitafuta kwanza katika mitaa ya Detroit na ya Ypsilanti mjini, si kandokando ya kiwanda.