Je, wajua? Jaji wa kaunti wa Texas anaweza kumaliza muhula bila kusikiliza kesi

Novemba 2018 wapiga kura wa kaunti ya Harris, Texas, yenye watu zaidi ya milioni 4 na jiji la Houston ndani yake, walimchagua Lina Hidalgo kuwa jaji wa kaunti. Alikuwa na miaka 27, na hakuwa wakili. Niliposoma habari hiyo nilishika kichwa: Wamarekani wanagawa kesi za watu kwa kura? Nikabishana na wenzangu jioni nzima, nikiwa nimekosea tangu neno la kwanza.

Kosa lilikuwa kwenye neno "jaji". Kwetu jaji ni mtu wa Mahakama Kuu, aliyeteuliwa na rais baada ya miaka mingi kwenye sheria. Jaji wa kaunti ya Harris, kwa vitendo, hahukumu mtu. Kesi ziko kwa majaji wengine kabisa, na wengi wao lazima wawe mawakili. Yeye anashughulika na bajeti, kiwango cha kodi ya majengo na ardhi, barabara, jela na mafuriko. Mkenya atamwelewa haraka akimfikiria gavana wa kaunti, ila gavana mwenye mikono iliyofungwa kidogo. Na hata kikao anachokiongoza kinaitwa "mahakama ya makamishna", kana kwamba jina moja la kupotosha halikutosha.

Mfikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Ndiye anayeitisha kikao, ndiye anayepigiwa simu usiku maturubai yakikosekana, na mambo yakiharibika lawama ni zake. Lakini akitaka bendi badala ya DJ, lazima wajumbe wakubali. Kikao cha kaunti kina watu 5: jaji, anayechaguliwa na kaunti nzima, na makamishna 4, kila mmoja na eneo lake. Jaji ana kura moja, wala hana turufu. Watatu wakikataa, mwenyekiti anaimba peke yake.

Hali hugeuka kwenye dharura. Sheria ya Texas inamfanya jaji kuwa mkuu wa shughuli za maafa kwenye kaunti, na anaweza kutangaza janga peke yake. Hata hivyo tangazo hilo huisha baada ya siku 7 kikao cha makamishna kisipoliongeza. Ndiyo maana Machi 2020 amri za kubaki nyumbani kule Dallas na Houston zilitoka kwa "majaji".

Jina lenyewe ni la zamani. Texas ilipokuwa chini ya Meksiko, alkalde alihukumu na kutawala kwa pamoja, kama liwali wa pwani yetu. Katiba ya 1876, inayotumika hadi leo, inamtaka jaji wa kaunti awe "mjuzi wa sheria za jimbo" tu. Shahada haidaiwi.

Hapa nirudishe nusu ya maneno yangu. Texas ina kaunti 254, na nyingi za mashambani hazina mahakama za ziada. Huko jaji huyohuyo anaweza kujadili kifusi cha barabara asubuhi, kisha mchana akasikiliza mirathi au kosa dogo la jinai. Kaunti ipi inafanya nini hutegemea sheria yake mahususi, na vighairi ni vingi mno.

Uchaguzi wenyewe ni wa kivyama: mchujo Machi, kura Novemba, muhula wa miaka 4, bila ukomo wa mihula.

Kentucky, jimbo jingine la Marekani, wamevuka mipaka zaidi. Marekebisho ya katiba ya 1975 yalimnyang'anya jaji wa kaunti kazi zote za mahakama, lakini cheo kikabaki, kikiongezewa tu neno "mtendaji". Kaunti zote 120 zinamchagua mtu anayeitwa Jaji, asiyeweza kuamua hata kesi ya kuku aliyeibwa. Kufungisha ndoa, hata hivyo, anaruhusiwa.