Rubani bingwa wa vita ni nani hasa?

Kwa maana iliyozoeleka tangu Vita Kuu ya Kwanza, rubani bingwa wa vita ni yule aliyethibitishiwa kutungua ndege za adui zisizopungua tano katika mapambano ya angani. Basi. Hakuna mtihani, hakuna jopo la majaji, wala hakuna aliyekaa chini kuupima ustadi wake. Jina lilitoka kwenye magazeti ya Ufaransa mwaka 1915, yalipomwita rubani wao Adolphe Pégoud "as", yaani ree, karata ile ile inayogombaniwa kila jioni kwenye baraza za Ngamiani hapa Tanga. Waingereza wakati ule hawakuitambua sifa hiyo rasmi. Wajerumani nao walikuwa na hesabu zao za nishani: mwanzoni mwa 1916 ndege 8 zilitosha kumvisha rubani Pour le Mérite, nishani yao ya juu ya ushujaa, na baadaye zikatakiwa 16. Yaani kigezo kilipanda kadiri ndege za kutungua zilivyoongezeka.

Hadi hapo hatugombani. Tunaanza kugombana pale kijana anapoiweka simu kando ya sinia la kashata, akateremka na kidole kwenye orodha, akasoma kwa sauti: "Erich Hartmann, 352! Kuna mwingine?" Kisha anaegemea ukuta kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Kwake, bingwa ni idadi, na mwenye idadi kubwa ndiye rubani bora aliyepata kuzaliwa. Hii nimeisikia mara nyingi mno hapa Tanga, tena kutoka kwa watu wanaojua mpira vizuri, ambao hawathubutu kudai kwamba mfungaji wa mabao mengi wa ligi ndiye lazima awe mchezaji bora, bila kuuliza kacheza mechi ngapi na dhidi ya nani.

Sasa tuulize. Hartmann, Mjerumani wa Vita Kuu ya Pili, aliruka mara 1,404 kwenda vitani. Wanaomfuata, Gerhard Barkhorn mwenye 301 na Günther Rall mwenye 275, nao ni Wajerumani, na ndege zao nyingi walizitungua upande ule ule wa Urusi. Je, Wajerumani peke yao walijaaliwa macho ya mwewe? Hasha. Jeshi lao lilimwacha rubani vitani mpaka afe, aumie asiweze tena kuruka, au vita viishe. Angani wakakutana na Warusi, ambao miaka ya mwanzo marubani wao wengi walipelekwa vitani na mafunzo haba, kwenye ndege zilizopitwa na wakati. Wamarekani walikuwa na utaratibu mwingine. Rubani wao aliyeiva walimrudisha nyumbani akafundishe wengine. Richard Bong, mwenye idadi kubwa kuliko Wamarekani wote, aliishia 40, akaondolewa vitani, na tarehe 6 Agosti 1945 akafa California akijaribu ndege mpya ya jeti. Ivan Kozhedub, aliyerukia Umoja wa Kisovieti, alifikisha 62. Ukimweka Bong kando ya Hartmann kwa idadi tu, unachopima ni sera za majeshi mawili. Ustadi wao hujaugusa.

Na idadi yenyewe ni ya kutazamwa kwa jicho moja wazi, jingine limefinywa. Tarehe 15 Septemba 1940, siku ambayo Waingereza huikumbuka hadi leo, jeshi lao lilitangaza kutungua ndege 185 za Wajerumani. Baada ya vita, vitabu vya Wajerumani wenyewe vilipofunguliwa, zilizopotea zilikuwa takribani 60. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Watu watatu wanaifyatulia ndege moja, kila mmoja anaiona inafuka moshi na kuzama mawinguni, na kila mmoja anarudi na ndege yake moja. Katika majeshi mengine, marubani walioshirikiana kuitungua ndege waligawana, huyu nusu na yule nusu, na Warusi walitenga kabisa za mtu binafsi na za kikundi. Halafu yupo Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekufa juu ya Ugiriki tarehe 20 Aprili 1941. Wapo wanaoamini kwamba alizidi marubani wote waliorukia upande wa Uingereza katika vita ile. Kumbukumbu za kikosi chake zilipotea wakati wa kurudi nyuma, na ubishi wake hauishi. Orodha ya kwenye simu haikuambii hayo. Inakupa tarakimu, tena kwa uhakika kama risiti ya duka.

Kilichomfanya rubani awe hodari kweli kiliandikwa mapema sana. Oswald Boelcke, Mjerumani, mwaka 1916 aliwawekea wanafunzi wake kanuni chache: jiweke juu ya adui, jua liwe mgongoni mwako, usifyatue mpaka umemkaribia, na ukianza shambulio lisiachwe katikati. Hakuna mahali anapozungumzia kupindua ndege kichwa chini miguu juu. Manfred von Richthofen, yule wa ndege nyekundu mwenye 80, alikuwa mwanafunzi wake, na kwa mizungu ya angani wapo waliomzidi. Alishika kanuni. Tarehe 21 Aprili 1918 hakuzishika, akamfuata kijana mgeni wa vita chinichini hadi ndani ya eneo la maadui, na hakurudi. Boelcke mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu Oktoba 1916, baada ya kugongana angani na rubani wa kikosi chake mwenyewe.

Na hata Hartmann, ukimsoma vizuri, anamkana kijana wetu wa simu. Njia yake ilikuwa hatua nne: ona, amua, piga, ondoka. Kuzungukana na adui angani, ile picha ya sinema, alikuona ni kupoteza wakati na kutafuta kifo. Wengi aliowatungua hawakujua kama yupo. Sifa yake kubwa ilikuwa macho na subira, na kujua lini asishambulie. Hiyo haionekani ndani ya 352.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hesabu ya kutungua inamsahau mwenzake wa ubavuni. Rubani wa vita haruki peke yake. Kuna anayemlinda mgongo, na kuna ndege anazotakiwa kuzilinda yeye. Hans-Joachim Marseille alitungua ndege 158, nyingi mno kati ya hizo kule jangwani Afrika ya Kaskazini, na tarehe 1 Septemba 1942 pekee alihesabiwa 17. Kwa shabaha sijui kama amepata mpinzani. Lakini kikosi kilifika mahali pa kuwa wasindikizaji wake, yeye anapiga, wenzake wanalinda na kuhesabu, na nyingi ya ndege hizo zilikuwa za kivita, yaani za kupigana na ndege nyingine angani. Ndege za mabomu za Waingereza ziliendelea kuwatwanga askari wa Rommel, jemadari wa Wajerumani huko jangwani, na ugavi wao. Mwisho wa mwezi ule ule injini yake ilifuka moshi, akaruka nje, akagongwa na mkia wa ndege yake mwenyewe, akafa. Mpigaji wa ajabu, sibishi. Rubani bora wa vita? Hapo nabisha.

Mweke kando ya Ilmari Juutilainen wa Finland. Alikuwa na 94, na alimaliza vita ndege yake haijapigwa risasi hata moja na ndege ya kivita ya adui. Au Saburo Sakai wa Japani, ambaye Agosti 1942 alipigwa risasi kichwani karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Bahari ya Pasifiki, akairudisha ndege hadi kituo chao cha Rabaul, safari ya takribani kilomita 1,000, damu imemjaa usoni na jicho moja halioni. Alichojivunia hadi uzeeni ni kwamba hakuwahi kumpoteza mwenzake wa ubavuni.

Tena mfano wa karibu tunao wenyewe, hapa hapa pwani. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Mizinga ya Waingereza haikuweza kuiona kutoka nje. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka kutoka Mafia kwa kindege chepesi, wakawa wanaelekeza makombora kwa redio ya Morse, ya kutuma herufi kwa midundo mifupi na mirefu. Wakapigwa, injini ikaharibika. Huku wanashuka, Arnold aliendelea kutuma: makombora yote yanapiga sehemu ya mbele ya meli. Wapiga mizinga wakarekebisha, yakaanza kuangukia katikati. Ndege ikaangukia mtoni na watu wake wakaokolewa na mashua. Siku ile ile Königsberg ikawa imekwisha.

Ndege za adui walizotungua siku ile: sifuri. Kwenye orodha ya kijana, hawamo.

Kwa hiyo, bwana mdogo, ukisema Hartmann ana idadi kubwa kuliko wote, nitakumiminia kahawa na tutakubaliana. Ukisema ni rubani bingwa, sawa pia, ana 352 na zilitakiwa tano. Ila ukitaka kusema ndiye bora, tuambie kwanza bora katika lipi: shabaha, kuongoza wenzake, kulinda ndege za wengine, au kurudi salama. Ukishataja moja, simu iweke mfukoni, maana hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.