Ranganathan, mkutubi wa Madras: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shiyali Ramamrita Ranganathan (1892–1972) wa India hutajwa mapema katika masomo ya ukutubi kwa ajili ya kanuni zake tano, kisha huachwa hapohapo. Ndiyo maana mengi yanayosemwa juu yake ni nusunusu.

Dhana: Alizaliwa na wito wa maktaba.

Hapana. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na mshahara ulichangia sana kumfanya aombe kazi ya ukutubi katika Chuo Kikuu cha Madras. Hakuwa amesomea fani hiyo. Alijiandaa kwa usaili kwa kusoma makala ya ensaiklopidia kuhusu maktaba. Alianza kazi Januari 1924, na upweke ukamchosha upesi hata akaenda kuomba arudishwe darasani. Wakubwa wake wakamwambia aende kwanza London akasome. Akirudi bado haipendi kazi, atapewa tena ualimu. Kule akatembelea maktaba nyingi na kuona zinavyowahudumia watu wa kila tabaka. Aliporudi mwaka 1925 habari ya kurudi darasani ikaisha. Alikaa Madras kama miaka 20.

Dhana: Kazi ya mkutubi ni kulinda vitabu.

Wapo wanaoamini hivyo hadi leo, wakiwemo wakutubi. Ranganathan aliipinga kwa kanuni yake ya kwanza, iliyo katika kitabu chake cha mwaka 1931: vitabu ni vya kutumiwa. Kuna enzi ambapo vitabu katika maktaba za Ulaya vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, na yeye aliona kwamba mnyororo unaweza kuondolewa lakini tabia yake ikabaki: rafu zisizofikika, saa chache za kufungua, mhudumu anayemkodolea macho msomaji. Kanuni nyingine nne zinafuata humo humo: kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, okoa muda wa msomaji, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Kwangu mimi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inamtaka mkutubi akitafutie msomaji hata kile kitabu ambacho hakuna aliyekiulizia. Huko Madras aliwafungulia wasomaji rafu wachague wenyewe.

Dhana: Uainishaji wake ni ule wa Dewey uliofanyiwa marekebisho.

Melvil Dewey, Mmarekani, alitoa mfumo wake wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada mwaka 1876: mada zimeshapangwa na kupewa namba, nawe unatafuta kitabu chako kinaangukia wapi. Ranganathan aliona katika duka moja la London vipande vya kuchezea vya Meccano, vyuma vilevile vikiungwa kuwa kitu hiki na kisha kile, akapata njia nyingine. Katika mfumo wake wa mwaka 1933, unaoitwa kwa jina la alama ya nukta pacha, mkutubi huivunja mada vipande vipande kisha huijenga upya.

Chukua kitabu kuhusu utafiti wa kutibu kifua kikuu cha mapafu kwa eksirei nchini India katika miaka ya 1950. Fani ni tiba. Kiungo ni mapafu. Ugonjwa ni kifua kikuu. Tendo ni kutibu. Nyenzo ni eksirei. Kisha utafiti, mahali na wakati. Kila kipande kina alama yake, na zote huunganishwa kwa vituo vya uandishi. Mada ambayo haikuwahi kuwazwa hupata nafasi bila kusubiri orodha ichapwe upya. Ni kazi ngumu kujifunza, hilo lazima likubaliwe.

Dhana: Alikuwa mtu wa nadharia tu.

Alihimiza maktaba ya mkokoteni wa ng'ombe iliyopeleka vitabu vijijini, na alipigania kwa miaka mingi sheria ya maktaba za umma. Ile ya Madras ilipitishwa mwaka 1948, ikizitengea maktaba fungu kutokana na kodi ya majengo.

Dhana: Alipitwa na wakati pamoja na kadi za katalogi.

Ni kweli kwamba nje ya India maktaba zinazotumia mfumo wake ni chache mno. Wazo lenyewe ndilo lililosambaa. Kundi la watafiti wa uainishaji lililoundwa London mwaka 1952 liliichukua mbinu yake ya kuivunja mada vipande, yaani vipengele, na kuiendeleza. Ukitafuta viatu kwenye duka la mtandaoni leo, ukachagua saizi, kisha rangi, kisha bei, kwa mpangilio wowote unaotaka, unatafuta kwa vipengele, njia ambayo yeye aliifafanulia wakutubi kabla kompyuta hazijaingia maktaba.