Mpumbavu Ajibiwe au Aachwe? Mithali 26 na Mke wa Nabali

Ninapofundisha vitabu vya hekima vya Biblia ya Kiebrania, sianzi na sura ya kwanza ya Mithali. Naanzia sura ya 26, mstari wa 4 na wa 5, maana hapo ndipo anayekiona kitabu hiki kuwa ni maneno matamu ya kubandika ukutani hukwama. Mstari wa 4 unasema: “Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, usije ukafanana naye wewe mwenyewe.” Wa 5 unafuata papo hapo: “Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, asije akawa mwenye hekima machoni pake mwenyewe.” Sasa tushike lipi?

Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, waliliona hilo zamani. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho na mijadala yao, katika sehemu iitwayo Shabbat, 30b, inasimulia kwamba wahenga walitaka kukificha kitabu cha Mithali kwa sababu maneno yake yanapingana. Hatimaye hawakukificha. Walisema: katika mambo ya Torati, mjibu, katika mambo mengine ya dunia, mwache. Kisha vinakuja visa. Mtu mmoja alimwendea Rabi Yehuda akamwambia, mke wako ni wangu na watoto wako ni wangu. Rabi hakubishana naye, akamkaribisha kikombe cha divai. (Mgeni akanywa, akapasuka. Marabi nao wana utani wao.) Rabani Gamalieli yeye alifundisha kwamba siku zijazo wanawake watazaa kila siku. Mwanafunzi akacheka, akamtolea aya ya Mhubiri: hakuna jambo jipya chini ya jua. Huyu alijibiwa. Gamalieli alimtoa nje, akamwonyesha kuku.

Kisa hicho cha pili ndicho kinachonivutia, kwa sababu mwanafunzi alikuwa na aya mdomoni, tena aya yenyewe haina kasoro. Mithali 26:9 inamjua mtu wa namna hiyo: mithali kinywani mwa mpumbavu ni kama mwiba mkononi mwa mlevi. Kumbe mtu anaweza kukariri kitabu kizima cha hekima na asiwe na hekima. Kinachokosekana kimedokezwa tangu mstari wa 1, unaofananisha heshima kwa mpumbavu na mvua wakati wa mavuno. Katika nchi ya Israeli mvua hunyesha kuanzia vuli, na ngano inapovunwa huwa zimekwisha. Ndiyo maana katika 1 Samweli 12, Samweli alipoomba ngurumo na mvua siku za mavuno ya ngano, watu walishikwa na hofu kuu. Mvua ni baraka. Tatizo ni kwamba imekuja wakati si wake.

Anayetaka kuiona mistari ile miwili ikitembea kwa miguu, asome 1 Samweli 25. Nabali wa Maoni ni tajiri, ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Watu wa Daudi waliwalinda wachungaji wake nyikani, na siku ya kukata manyoya Daudi anatuma vijana kumi waombe chochote kilichopo. Nabali anafoka: Daudi ni nani? Watumwa wengi siku hizi wanawatoroka mabwana zao. Mtumishi wake mwenyewe anamweleza vizuri kuliko mfafanuzi yeyote: ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema naye. Haambiliki.

Daudi naye anajibu sawasawa na upumbavu ule. Anawafunga watu 400 panga kiunoni, na anaapa kwamba kufikia asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja nyumbani mwa Nabali. Tusi moja, halafu nyumba nzima iuawe! Hapo tayari ameanza kufanana naye, kama mstari wa 4 ulivyoonya.

Abigaili, mke wa Nabali, anapakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini. Hamwambii mumewe neno. Anashuka punda mbele ya Daudi, anainama hadi nchi, na hoja yake ni ya mtu anayetazama mbali: siku utakapokuwa mtawala wa Israeli, damu hii isije ikakusumbua moyoni. Daudi anarudisha upanga, na anaibariki busara yake.

Kisha Abigaili anarudi nyumbani, anamkuta mumewe katika karamu ya kifalme, amelewa chakari. Ananyamaza. Kulipokucha, divai ikiwa imemtoka, anamweleza yote. Moyo wa Nabali unakufa ndani yake, anakuwa kama jiwe, na baada ya siku kama kumi anafariki. Usiku Abigaili aliufuata mstari wa 4, asubuhi akaufuata wa 5, kwa mtu yuleyule na juu ya habari ileile. Kwa heshima zote kwa marabi, nauona ufumbuzi huu ukiwa bora kuliko wao wa kugawa Torati na dunia.

Nisimsifu Daudi kupita kiasi, ingawa siku ile aliambilika. Katika 2 Samweli 24, akiwa mfalme, Yoabu, jemadari wa jeshi lake, alimsihi asiwahesabu watu. Neno la mfalme likamshinda Yoabu, watu wakahesabiwa, na tauni ikaua 70,000.