Kabla hujasema huna nidhamu, hesabu ahadi zako

Simu yangu ya kazi hulia zaidi mwanzo wa Januari na siku za mwisho za Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Mimi ni mshauri nasaha, nina chumba kidogo hapa Ganjoni, Mombasa, na wanaopiga nyakati hizo husema karibu maneno yale yale: "Sina nidhamu, nisaidie." Mmoja anataka kuacha sigara. Mwingine akiba haikai. Wa tatu amelipia kozi na kitabu hajakifungua, wa nne amechoka kugombana na mkewe kila tarehe ya mshahara. (Mifano ya watu humu nimeichanganya na kuibadilisha, kwa hiyo usimtafute jirani yako.)

Swali langu la kwanza huwashangaza: kwa sasa una ahadi ngapi ambazo hujazitimiza, na ulimwahidi nani?

Nitaeleza kwa nini nauliza hivyo, lakini kuna dhana inabidi iondoke kwanza. Wengi huamini kwamba nidhamu ni kitu cha kuzaliwa nacho, kwamba fulani alipewa tele na yeye akapunjwa. Anayeishi Mombasa huona kinyume chake kila mwaka. Mtu wa pakiti nzima kwa siku, ambaye juzi tu hakumaliza mkutano bila kutoka nje kuvuta, mwezi wa Ramadhani ukiandama anakaa toka alfajiri hadi magharibi bila sigara, bila maji, bila kahawa, na joto letu hili. Anafanya hivyo siku 29 au 30 mfululizo. Asubuhi ya Idi, akishatoka kuswali, anawasha. Basi ile nidhamu ilitoka wapi, na ilikwenda wapi?

Imani ndiyo msingi wa saumu, na kuipima si kazi yangu. Ila ukitazama jinsi saumu ilivyopangwa, utaona mambo ambayo maazimio yetu mengine hayana. Mpaka wake hauna utata. Kuna adhana ya alfajiri na adhana ya magharibi, kwa hiyo saa saba mchana hubishani na nafsi yako kama kikombe kimoja kinahesabika. Nia huwekwa usiku, kwa ajili ya siku inayofuata tu. Vishawishi hupungua kwa sababu mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na hata majirani wasiofunga huona haya kula mbele yako. Walio karibu nawe wako katika jambo lilo hilo. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa inayojulikana, watalipa siku zao baadaye, na hakuna anayesema kwamba kwa kukosa siku moja mwezi mzima umeharibika. Halafu kuna jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: magharibi haijawahi kukosa kufika. Uliyeahidiwa kufuturu, unafuturu.

Sasa chukua azimio la "mwaka huu nitafanya mazoezi". Saa ngapi, wapi, na nani, na siku ikikatika utafanya nini? Hakuna jibu hata moja. Kushindwa hapo si udhaifu wa mtu. Hakuna kilichopangwa.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti hiyo: kuwa na nia ni jambo moja, na kuifunga nia hiyo kwenye tukio maalumu ni jambo jingine. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kukuta kwamba mpango wa "likitokea hili, nitafanya hili" huwasaidia watu kutimiza malengo kuliko nia peke yake, kwa kiwango cha kati hadi kikubwa. Kwa hiyo mteja wangu wa Likoni hakuandika "nitatembea zaidi". Aliandika: "Asubuhi nikishuka feri upande wa kisiwani, sipandi matatu, natembea hadi Posta." Feri ndiyo inayomkumbusha, na feri haisahau. Kijana anayetaka kuachana na muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, aliandika lake: "Nikipita barazani na wenzangu wametandaza, nasalimia nimesimama, sikai." Nililipenda hili kwa sababu limeheshimu adabu ya mji. Huwezi kumwambia mtu wa Mombasa apite baraza kimya bila salamu. Hatafanya, na hata akifanya, keshokutwa ataitwa mwenye maringo na atarudi kukaa ili awaridhishe.

(Kwa aliyenaswa na unga, yaani heroini, haya hayatoshi na nisingependa mtu ayajaribu peke yake. Hilo ni suala la tiba, na kliniki za methadone, dawa ya kutibu uraibu huo, zipo hapa Pwani.)

Ile habari ya "siku 21 na tabia imejengeka" naomba tuipumzishe. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya za kila siku. Katika matokeo waliyochapisha, tabia ilichukua takriban siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe kwa mtu wa katikati, na makadirio yalitofautiana toka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu safari kwa namna ya maana. Nawaambia hili hasa wale wanaojichapa kwa maneno makali wakikosa Jumanne, kisha wakaona bora wiki yote iende.

Na video za kuamka saa kumi alfajiri ili ufanikiwe? Mama anayekaanga mahamri kule Kisauni ameamka kabla ya saa hiyo miaka nenda miaka rudi, na sijaona anayemrekodi.

Turudi kwenye ahadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Stanford alianza majaribio yake mashuhuri. Mtoto anawekewa kitamutamu mezani na kuambiwa kwamba akisubiri bila kukila, atapata viwili. Kwa miaka mingi watu walichukua hadithi hiyo kama kipimo cha tabia ya mtoto: anayesubiri atafaulu maishani, asiyesubiri ole wake. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia uchambuzi huo kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulikuwa kama nusu ya ule wa awali, na ukapungua sana baada ya kuzingatia hali ya familia na uwezo wa mtoto tangu mapema.

Lakini jaribio ninalowasimulia wazazi ni la mwaka 2013, la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Walikuwa watoto 28, wa umri wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya habari ya kitamutamu, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea wakisubiri kidogo. Nusu ya watoto waliletewa kama walivyoahidiwa. Nusu nyingine waliombwa radhi: samahani, kumbe havipo. Baada ya hapo ndipo kikaletwa kitamutamu. Walioona ahadi ikitimizwa walisubiri kwa wastani dakika 12 hivi. Waliodanganywa walisubiri kama dakika 3.

Utamwita mtoto wa dakika 3 kuwa hana nidhamu? Mimi namwona amepiga hesabu sawasawa. Kwake yeye, kilicho mkononi ndicho kilichopo, kwa sababu mtu mzima huyu anasema asichotenda. Jaribio ni dogo, sitalibebesha zaidi ya uwezo wake, lakini linafanana mno na ninayoyasikia kwenye kiti kile cha Ganjoni. Mtu mzima aliyelelewa kwa "ukishika namba moja nitakununulia baiskeli", na baiskeli isije miaka mitatu, huja kwangu akiwa na miaka thelathini na hawezi kuweka akiba. Na mtu hujifanyia vivyo hivyo mwenyewe. Ukijiahidi jambo kila Jumatatu na kulivunja kila Jumatano, nafsi yako inajifunza kutokusadiki. Ukisema tena "kuanzia kesho", ndani mwako hakuna anayesikiliza.

Ndiyo maana siwezi kutenganisha nidhamu na ukweli baina ya watu. Na hapa inabidi tujisemee wenyewe, watu wa mji huu. Tumelelewa kwa upole, na upole wetu una kasoro moja: hatupendi kumkatalia mtu usoni. Tunaalikwa mahali tunakojua hatuendi, tunaitikia. Tunaombwa mchango ambao hatuna, tunasema "nitakuona". Tunapigiwa simu tuko bado kitandani Mtopanga, tunasema "niko kwa feri", kana kwamba feri ilitengenezwa ili ituvushe na itubebee lawama pia. Kila "ndiyo" ya namna hiyo ni deni. Mtu mwenye madeni hayo ishirini hana nafasi ya ahadi yake mwenyewe ya kusoma saa moja jioni, kwa sababu jioni hiyo anawakwepa watu au anawatimizia shingo upande.

Pesa ndiyo mahali hili linapouma zaidi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti walioufanya magharibi mwa Kenya kwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana kwa zamu, chama kama tunavyoita. Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa liwe la akiba ya afya. Basi, ni hilo tu. Matumizi yao kwa vitu vya kinga, kama vyandarua, yaliongezeka. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo ulishikwa na watu wa mradi, na kwa akiba ya vitu vya kinga halikusaidia kama lile la kwanza. Ninavyoielewa, kufuli kali silo lililofanya kazi. Pesa zilipopewa jina, mwenyewe alipata maneno ya kweli ya kumwambia anayekopa: hizi ni za dawa. Wateja wangu hufanya hivyo kwa akaunti tofauti ya simu au bahasha. Lakini jina la pesa lazima lijulikane na mtu wa pili, mke, mume au dada, la sivyo linabaki siri, na siri huvunjwa bila shahidi.

Maneno ya kukataa tunayafanyia mazoezi, kwa sauti, mimi nikiwa ami na yeye mpwa. Hili hapa moja lililotumika:

"Ami, shikamoo. Habari ya harusi imenifikia na nimefurahi sana. Mwezi huu sina. Mwisho wa mwezi ujao nitaleta elfu mbili, na zaidi ya hapo sitaweza. Nimeona nikwambie mapema, nisije nikakuahidi kisha nikawa nakukimbia."

Heshima iko kamili, sababu hazikurefushwa, kiasi na tarehe vimetajwa. Wengi hukosea kwenye sababu. Wanaeleza mno, na kila sababu inayoongezwa ni mlango wa ami kuingilia: "kwani hizo za ada haziwezi kungoja?"

Kwa wanandoa kanuni ni ile ile, ila saa ya kusema ni muhimu zaidi. Mume aliyechukua mikopo ya simu na kuificha, akafumaniwa na ujumbe wa kukumbushwa deni, huja akisema mke hana subira. Mke akiulizwa, mara nyingi si deni lililomkera. Ni miezi minne ya kuambiwa "mambo sawa". Nawapangia dakika kumi Ijumaa baada ya chakula cha usiku, simu zikiwa mbali, kila mmoja ataje jambo moja la pesa ambalo mwenzake halijui. Wiki za kwanza hutaja vitu vidogo, mia tano hapa na pale. Ni vizuri hivyo, maana jambo zito halianziwi.

Mara nyingine orodha ya ahadi hufichua kwamba lengo lenyewe si la mtu. Edward Deci na Richard Ryan wamefanya kazi miongo kadhaa kuonyesha kwamba motisha hudumu pale mtu anapoona amechagua mwenyewe, anaona anaweza, na ana watu anaohusiana nao kwa dhati. Yule wa kozi isiyofunguliwa alikuwa akisomea uhasibu kwa sababu babake alitaka. Alichohitaji si ratiba. Alihitaji kuzungumza na mzee, na hilo lilimchukua muda mrefu kuliko kozi.

Na kuna wasiokuwa na tatizo la nidhamu kabisa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hamu ya karibu kila kitu imekutoka, usingizi na kula vimebadilika, na unajiona huna thamani, usijiite mvivu. Hizo ni dalili za sonona, na inatibika. Muone daktari au mshauri aliyesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo una haki ya kuuliza usajili kabla hujakaa kwenye kiti cha mtu, changu kikiwemo.

Kwa wengine, kazi ya wiki ya kwanza ninayotoa ni karatasi moja. Andika kila ahadi inayodaiwa, kwa watu na kwa nafsi yako. Zilizo ndogo zimalize wiki hii. Zinazowezekana ila si sasa, zipe tarehe na umwambie mwenyewe. Zisizowezekana, nenda ukazirudishe kwa mdomo wako, ukianza na ya yule unayemkwepa zaidi. Atakasirika, pengine. Mwache akasirike, usijitetee, wala usimwahidi kingine cha kumtuliza. Jipya la kujiahidi wiki hiyo hakuna. Mazoezi, akiba na kitabu vitaingia wiki ya pili, kimoja kwa wakati, na kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku ya malaria unakifanya.

Wengi hurudi wakiwa wamerudisha ahadi mbili au tatu tu. Tunaanzia hapo.