Injinia ni nani hasa?

Siku hizi Uganda kila anayeonekana saiti na kofia ngumu anaitwa injinia. Msimamizi wa vibarua ni injinia, kontrakta aliyepata tenda ya wilaya ni injinia, hata mwenye lori la mchanga. Jina limegeuka cheo cha heshima, na madhara yake tunayaona kwenye majengo.

Mhandisi wa ujenzi ni mtu aliyesomea jinsi mzigo, maji na udongo vinavyoathiri barabara, madaraja, mabwawa na majengo, akapiga hesabu zake na kuzitilia saini. Digrii ya Makerere au Kyambogo peke yake haitoshi. Anafanya kazi kwanza chini ya wahandisi waliomtangulia, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1969, ndiyo inayomkubali.

Simdharau fundi hata kidogo. Wapo mafundi Arua wanaopanga matofali kwa unyoofu ambao mhandisi hatauweza maisha yake yote. Lakini tazama zege likichanganywa. Likiwa zito, fundi huongeza ndoo ya maji ili limwagike kwa urahisi. Mhandisi huizuia ndoo hiyo, kwa sababu maji yakizidi, zege likikauka linabaki na vitundu vidogo na nguvu yake inapungua. Huagiza vipande vya zege hilohilo vya milimita 150 kila upande, vilowekwe, vingine vipasuliwe kwa mashine siku ya 7 na vingine siku ya 28. Ukishapiga lipu, nguzo dhaifu na nguzo imara zinafanana kabisa. Anayejua tofauti ni aliyepima, na saini yake ndiyo itakayoulizwa nguzo ikipasuka. Malori yanayovuka Nile pale Jinja kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018 yanategemea saini za namna hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni tunavyoeleza kujitolea kwa mhandisi. Anapofariki, msemaji msibani anahesabu mifuko ya saruji aliyochangia kanisa. Ni sadaka njema, ila mfanyabiashara yeyote angeweza kuitoa. Huduma ya uhandisi ni ile Jumamosi ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, wanakijiji wakiwa na majembe tayari kujengea chemchemi, naye akapanda kwanza mlimani kutazama kilicho juu ya chemchemi hiyo. Akakuta shimo la choo limeshaanza kuchimbwa, akakaa na mwenye shamba mpaka likahamishwa. Akaonyesha pia mfereji wa kuyakinga maji ya mvua upite wapi. Hakulipwa, na hesabu aliifanya kwa uangalifu uleule wa kazi ya kulipwa.

Basi mkiandika wasifu wa mhandisi, naomba mkitaje na kile choo kilichohamishwa. Na yule kijana anayesimamia vibarua pale saiti mwiteni msimamizi, au fundi mkuu kama ni fundi. Ni majina yenye heshima zake.